Aliyeliona Hema Asimame

Jumapili, 3 Mei 1992

Nimeshindwa uchaguzi. Tena!

Mimi, Koplo Twahiru, fundi cherehani wa Biryogo, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, niliyeshona suruali za kikosi kizima kule Bama huku Mjapani akitupa mabomu, nimeshindwa na Rutayisire. Rutayisire! Vita vile vyote yeye alivipigana ndani ya stoo ya Wabelgiji huko Kongo, akilinda makopo ya samaki. Leo ndiye mwenyekiti wa Umoja wa Askari wa Zamani wa Nyamirambo kwa mara ya pili. Wazee waliinua mikono kama watoto wa shule wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni. Kwangu uliinuka mkono mmoja. Wangu.

Nimepewa cheo cha kunibembeleza: msimamizi wa usafi wa ukumbi. Nimekikataa. Halafu nimekikubali, kwa kuwa kina ufunguo.

Baadaye sekretari wetu, Mama Béatha, mjane wa askari na mwalimu mstaafu, alitusomea kanuni mpya: namna mwanachama anavyoweza kutoa taarifa akiona mwenzake anakosa ndani ya umoja. Alisoma polepole, kana kwamba sote tuko darasa la kwanza. Nililala. Nikaamka kwenye jambo moja tu: ni marufuku mwanachama kuvaa nishani za vita kwenye mitingi ya chama chochote cha siasa. Béatha alisema siku hizi mtu anaulizwa chama chake kabla ya kuulizwa hali. Umoja wetu una watu wa kila chama, na nishani za mmoja ni heshima ya wote. Wazee wakanung'unika. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Kanuni nzuri sana! Nishani zangu ziko sandukuni, na huko zitakaa.

Jumamosi, 9 Mei

Nimevaa nishani, nimekwenda mitingini.

Nina sababu. Swafiya, mke wangu, alipika maharage kwa siku ya nne mfululizo, na upepo ulikuwa unaleta harufu ya mbuzi kutoka uwanjani. Chama sitakitaja, hata humu. Kijana wa langoni alikuwa anawapitisha wazee wa heshima upande wa kivuli, penye nyama. Mzee wa heshima bila nishani ni mzee tu. Anabaki juani.

Nikakaa kivulini. Mishikaki, ndizi za kuchoma, Fanta baridi. Wengine wakipiga makofi, nami napiga. Msemaji akauliza kama tuko tayari. Nikapaza sauti kwamba tuko tayari! Tayari kwa nini, sikusikia vizuri.

Halafu nikatazama juu. Yarabi! Juu ya kichwa changu kulikuwa na kiraka. Kiraka cha kaki, mshono wa kurudia, kona moja imepinda kwa sababu siku ile Swafiya aliniita nikaghafilika. Kiraka changu! Hema lilikuwa letu! Hema la umoja, lile kubwa la turubai la kijani, ambalo tangu tulipate ni la misiba ya wanachama na si la kitu kingine. Na pale mbele, akiinama kuwasalimu wakubwa mpaka tai yake inagusa meza, nani? Rutayisire. Ametoa hema letu ili wamkumbuke watakapogawa ukonseye, yaani udiwani wa mtaa. Suti ya kijivu. Kifuani hana nishani hata moja. Mjanja!

Nilifurahi mpaka nikaomba mshikaki mwingine. Nimemkamata! Mkutano ujao namshitaki mbele ya wote. Watamng'oa. Watanibeba mabegani mpaka kitini.

Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya nyumbani nilipokumbuka kilichokuwa kinalia ngila-ngila kifuani kwangu.

Jumapili, 10 Mei

Twagirayezu amefariki. Jana mchana, nyumbani kwake Kimisagara. Kifua.

Huenda alikuwa anakata roho nilipokuwa naomba mshikaki ule mwingine. Nimeliandika hilo, kisha nikataka kulifuta. Libaki.

Kule Bama tulilala blanketi moja, mimi na Twagirayezu. Alikoroma mpaka siku moja mlinzi akadhani ndege inakuja, kikosi kizima kikaruka mahandakini. Hakuomba radhi. Alisema ametupa mazoezi.

Tumemzika leo. Mvua! Kimisagara iko bondeni, na maji ya milima yote miwili hushukia pale. Tulikaa uani bila chochote juu ya vichwa vyetu. Padri alisoma sala huku maji yakimchuruzika puani. Nyirarukundo, mjane, alikaa juu ya mkeka uliokuwa karibu kuelea. Watu wakaanza kuulizana. Hema liko wapi? Si umoja wao una hema?

Rutayisire akasimama, mwavuli mkononi. Kwa huzuni kubwa akasema hema lilichanika. Liko kwa fundi, linashonwa.

Fundi! Umoja mzima una fundi mmoja! Macho yote yakanigeukia. Hata padri.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema mwongo huyu, jana tu nimeliona. Lakini wangeniuliza nililiona wapi, na nilikuwa nimevaa nini. Nikaufunga. Maji ya mvua yalikuwa yameshaingia.

Nilipompa Nyirarukundo mkono wa pole hakuuachia. Akanivuta karibu.

"Twahiru," akaniambia, "kwamba u mvivu nilijua. Kwamba hata maiti utamfanyia uvivu, hilo sikulijua."

Jumatatu, 11 Mei

Mimi mvivu? Nitamwonyesha Rutayisire! Nataka mambo matatu: Rutayisire ang'oke, jina langu lisafishwe, na habari ya nishani isijulikane. Yote kwa pamoja. Sipunguzi hata moja.

Mpango: rafiki. Nimekwenda kwa Mama Béatha, nikamwambia nina rafiki, si mimi, rafiki tu, ameona kosa ndani ya umoja. Aanzie wapi?

Kumbe kanuni ile ni nyepesi. Mwenye neno anaweza kumletea yeye faraghani. Jina lake halitatajwa, na Béatha mwenyewe ataulizia na kuchunguza. Asipotaka hivyo, asimame mkutanoni aseme alichokiona kwa macho yake, na awe na shahidi. Hata kama mshitakiwa ni mwenyekiti. Siku hiyo mwenyekiti anashuka kitini na kukaa na wengine. Na hakuna ruhusa ya kumsumbua mtu kwa kuwa ametoa taarifa.

Nikauliza: rafiki yangu akija faraghani, watu watajua kwamba ndiye aliyeuokoa umoja? Hapana. Watampigia makofi? Hapana. Basi faraghani haimfai rafiki yangu.

Béatha akauliza rafiki ameona nini. Nikasema kitu kikubwa, cha kijani. Akauliza wapi. Nikasema mahali penye watu. Akauliza rafiki alikuwa anafanya nini hapo. Nikasema alikuwa anapita.

Akalitazama koti langu. Lilikuwa koti lile lile la Jumamosi.

"Huyo rafiki yako, Mzee Twahiru," akasema, "anapopita hudondoshewa mafuta ya nyama?"

Nimemwambia Swafiya anapika kwa mafuta mengi. Akanisindikiza hadi mlangoni, akasema mlango uko wazi kwa rafiki yangu siku yoyote, na asiogope. Mwanamke mwema. Macho yake ni hatari kwa usalama wa watu.

Jumanne, 12 Mei

Mpango mpya: vitisho. Nimekwenda kwenye duka la magodoro la Rutayisire. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamwambia najua hema liko wapi. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nililiona kwa macho haya.

Akatabasamu. Kumbe naye aliniona! Akasema nilipendeza sana na nishani zangu. Hasa pale nilipopaza sauti kwamba niko tayari.

Kisha akaagiza chai ya maziwa na maandazi, akanikalisha juu ya godoro jipya. Akasema sisi ni askari wawili wazee, kwa nini tugombane? Komite haina makamu mwenyekiti. Anatafuta mtu mwenye busara. Jambo moja tu: hema liendelee kuwa "kwa fundi" mpaka mitingi zipungue.

Nilimwambia heshima yangu haiuzwi. Nilimwambia Twagirayezu alikuwa ndugu yangu. Nilimwambia aone aibu!

Halafu nikauliza kama makamu ana kiti chake mbele.

Anacho. Cha kuegemea.

Alhamisi, 14 Mei

Makamu Mwenyekiti Twahiru. Linaandikika vizuri! Nimejishonea utepe wa tatu kwenye mkono wa koti, kwa kuwa koplo hawezi kuwa makamu. Swafiya ameuliza nani amenipandisha cheo. Nimemjibu: hali ya mambo.

Amesema wanawake wa Kimisagara wamekutana naye sokoni na hawakuitikia salamu yake, eti mumewe amelalia hema la maiti. Amefagia nyumba hii kila siku, na kama hema liko humu basi yeye ni kipofu. Nimemwambia mambo ya komite ni siri. Ameondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Mchana akaja Nyirarukundo. Alikuwa amepanda mlima wote kutoka Kimisagara kwa miguu, na fimbo. Akakaa kwenye benchi la wateja mpaka pumzi ikarudi. Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu.

Hakutukana. Alisema Jumatano wanaondoa matanga. Ndugu za marehemu waliokimbia vita kule Byumba watakuja, na kambini kwao wanalowa kila siku. Hataki waje kulowa na msibani. Akaingiza mkono kwenye mkunjo wa kitenge, akatoa donge la uzi mweusi, akaliweka juu ya cherehani yangu.

"Labda uzi ndio ulikwisha, ukaona haya kusema," akaniambia. "Huu hapa. Nisaidie, Twahiru."

Nikasema Jumatano hema litakuwepo. Nimesema! Kwa sauti ya makamu kabisa. Akanishukuru, akaanza kushuka.

Donge liko pale juu ya cherehani. Leo sijashona kitu.

Jumamosi, 16 Mei

Mpango mkubwa kuliko yote. Hema liko Rebero, kuna mitingi huko mchana. Nitalichukua. Si wizi! Ni makamu mwenyekiti anachukua mali ya umoja.

Nimeazima mkokoteni wa jirani, nimeusukuma hadi juu ya mlima wa Rebero. Mtupu, na bado nusura uniue. Nimefika, nikakuta vijana wenye kofia za chama wameshasimamisha hema, wanangoja wakubwa. Kiraka changu kileee! Nikavuta pumzi. Nikatoa ile sauti ya Bama.

"Kikosi! Hema chini!"

Likashuka! Hawakuuliza mimi ni nani. Hawakuuliza kwa nini. Vijana wale walikuwa wamezoea kuamrishwa na yeyote mwenye sauti, na jambo hilo lilinifurahisha kwa dakika chache na baadaye likanitisha. Wakakunja, wakafunga kamba, wakapakia. Mmoja alinipigia saluti.

Ningeondoka hapo hapo, sasa hivi ningekuwa na hema. Lakini katika maisha yangu yote sijawahi kutiiwa vizuri namna ile. Nikawapanga mstari. Nikawakagua. Nikamwambia mmoja achomekee shati. Nikatoa hotuba fupi kuhusu Bama. Haikuwa fupi.

Katika hotuba nilikuwa nimefika kwenye kuvuka mto wakati pikapu ilipowasili. Akashuka mkubwa mmoja mwenye miwani ya jua, na nyuma yake Rutayisire. Mkubwa akauliza kivuli kiko wapi. Vijana wakauonyesha mkokoteni. Mkubwa akamuuliza Rutayisire kama ananijua.

Rutayisire akanitazama usoni, makamu wake, akasema hajawahi kuniona. Ni mzee wa watu, vita vilimharibu akili.

Vijana walinisindikiza hadi chini ya mlima. "Kusindikiza" ni neno langu. Wao walitumia zaidi magoti. Koti limepasuka mgongoni kutoka kola hadi pindo. Mkokoteni ulitangulia peke yake, ukasimama katikati ya mtama wa mtu.

Hajawahi kuniona! Tumekaa ukumbi mmoja miaka na miaka, na hajawahi kuniona!

Swafiya amenikanda mgongo kwa maji ya moto. Hakuuliza kitu. Hilo ndilo lililouma zaidi ya magoti.

Jumapili, 17 Mei

Nimeingia ukumbini nimenyooka, kadiri mgongo ulivyoruhusu. Kiti changu cha kuegemea hakikuwepo. Mahali pake kuna ngoma.

Kabla Rutayisire hajafungua mkutano, Nyirarukundo alisimama. Mjane wa mwanachama ni mwanachama. Alifuata kanuni neno kwa neno, kuliko sisi wote tuliolala. Akasema ana mashitaka. Akanitaja jina. Akasema umoja una hema, mumewe alizikwa kwenye mvua, akaambiwa liko kwa fundi, na hadi leo fundi hajalitoa. Shahidi wake ni Kimisagara nzima.

Rutayisire akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hata yeye aliniamini, akasema.

Béatha akaniambia nijibu. Naweza kukaa kama mgongo unauma, alisema. Amejuaje habari ya mgongo, Mungu ndiye anayejua. Nikasimama. Nilikuwa na jibu tayari, zuri sana, nililitengeneza njiani: panya wamelila hema. Hakuna anayeweza kumhoji panya.

Nikamtazama Nyirarukundo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama mpasuko wa koti langu, kama mtu anayepima kwa macho kama uzi wake ungetosha au usingetosha.

Panya wakanitoka kichwani.

"Hema haliko kwangu!" nikasema. "Halijawahi kuwa kwangu. Nililiona mitingini siku ile ile Twagirayezu aliyokata roho. Nilikuwa chini yake, nakula mbuzi. Na nishani nilivaa! Zote! Na kabla ya kuzivaa nilizisugua kwa majivu! Aliyelipeleka ni huyu hapa, mwenyekiti wenu. Jana nimeliona tena Rebero, na mgongo wangu unalijua. Haya, niadhibuni! Lakini kwanza yeye ashuke pale!"

Kelele! Mtu aliangusha fimbo. Rutayisire akapiga meza, akasema ni uongo wa mwenda wazimu. Shahidi wangu ni nani?

Béatha hakupandisha sauti. Akamwambia kanuni inamtaka ashuke kitini kwanza, shahidi baadaye. Rutayisire akasema hashuki kwa maneno ya fundi. Béatha akasimama mbele yake, akangoja, kama anavyongojwa mtoto atoe jiwe mdomoni. Akangoja sana.

Rutayisire akashuka.

Ndipo Béatha akageuka kwetu. "Aliyeliona hema asimame," akasema.

Hakuna aliyeinuka. Nikaelewa kwamba nimekwisha. Nani asimame? Anayesimama anakiri kwamba naye alikuwepo! Rutayisire akaanza kutabasamu. Niliona jino moja, nikaona la pili.

Benchi la nyuma likalia. Mzee Mutsinzi, mpiga tarumbeta wetu, kiziwi wa sikio la kushoto, alikuwa amesimama. Akasema yeye aliliona. Alikuwa amekaa nyuma yangu. Béatha akamuuliza kama alivaa nishani. Akauliza nini? Béatha akarudia. Akasema ndiyo, alivaa, na hata kofia.

Kisha akasimama mwingine. Na mwingine. Benchi zima likasimama, na la mbele yake. Kumbe nusu ya umoja ilikuwa pale kivulini, kila mzee na nishani zake, kila mzee ameinamia sahani ili mwenzake asimwone! Ndiyo maana mishikaki iliisha mapema.

Béatha alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Nadhani alikuwa anacheka. Au analia.

Hukumu. Rutayisire si mwenyekiti tena. Hema lirudi kesho, na Jumatano atalisimamisha mwenyewe kwa mikono yake. Sisi wa nishani tutashika nguzo na kamba siku nzima, na nishani zetu zitakaa kwa Béatha mpaka mwaka uishe. Na yeyote atakayemsumbua aliyesema ukweli leo, mwenyewe au kwa kutuma vijana, atafukuzwa. Hilo alilisema akimtazama mtu mmoja tu.

Likaja suala la mwenyekiti mpya. Nilibaki nimesimama, niwarahisishie kazi.

Wamemchagua Béatha.

Jumatano, 20 Mei

Hema lilirudi Jumatatu. Limechanika! Kweli kabisa, limechanika kutoka ukingo hadi katikati, mitingi imelimaliza. Rutayisire alidanganya, na uongo wake ukawa kweli, na kazi nikapewa mimi. Nimelishona siku mbili. Uzi mweusi kwenye turubai la kijani. Mshono unaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Uonekane!

Leo, Kimisagara. Rutayisire alilisimamisha kwa suti, viatu vyake vikamezwa na matope mpaka visigino. Mvua ikaanza kabla watu hawajamaliza kukaa. Ndugu wa Byumba walikuwepo, wake kwa waume, watoto wamefungwa mgongoni. Walipoyasikia maji yakipiga juu, wote walivuta mabega masikioni, kama watu waliozoea. Maji hayakuja. Wakayashusha mabega, mmoja mmoja. Niliona hilo kutoka nje.

Nje, kwa sababu nguzo hushikwa ukiwa nje. Mimi nguzo hii, Rutayisire nguzo ile. Tumelowa mpaka mifupa, tunatazamana. Akaniambia mimi ni msaliti. Nikamwambia yeye ni mlinzi wa makopo. Akaniambia nguzo yangu imeinama. Nikamwambia ya kwake ndiyo imeinama. Zote mbili zilikuwa zimeinama.

Nyirarukundo akatoka na vikombe viwili vya uji wa mtama. Kimoja akampa Rutayisire. Kingine akaniwekea mdomoni mwenyewe, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kwenye nguzo, na akangoja ninywe.

"Angekuwepo, angekoroma," akasema. "Pakavu namna hii."

Mvua ina faida zake. Usoni maji yote yanafanana.

Ijumaa, 22 Mei

Nimefikiri. Nimeelewa tatizo lilikuwa wapi.

Tatizo ni umoja ule. Una kanuni nyingi mno, na mwenyekiti anasikiliza kila mtu. Mimi ndiye niliyemng'oa Rutayisire. Mimi! Nikapewa nini? Nguzo! Jana nimemwambia Béatha hivyo hivyo. Akanikumbusha kwamba ufunguo wa ukumbi bado ninao na ukumbi haujafagiliwa tangu Aprili. Nimemwekea ufunguo mezani. Siwezi kuongozwa na mtu anayetazama sakafu.

Mwaka huu kila mtu anaanzisha chama. Kwa nini mimi nisianzishe? Tangu leo asubuhi upo Umoja wa Askari wa Zamani Halisi. Makao makuu: chumba changu cha cherehani. Mwenyekiti: Twahiru. Uchaguzi ulikuwa mfupi na wa amani.

Nilihitaji makamu mwenye uzoefu wa uongozi. Nimemwita Rutayisire. Amekubali papo hapo, hana kazi nyingine. Ameuliza kama makamu ana kiti cha kuegemea. Nimemwambia tutaona.

Kanuni ya malalamiko nimeitunga mwenyewe, na ni bora kuliko ile ya Béatha. Hakuna faraghani, hakuna mashahidi, hakuna kushuka kitini. Mwanachama akiona kosa, alilete kwa mwenyekiti. Na kosa likiwa la mwenyekiti, mwenyekiti atajichunguza mwenyewe, kwa ukali.

Swafiya amejiunga. Mwanachama wa kawaida wa kwanza! Chai haijapoa, ameshaleta malalamiko. Marefu. Yote yanamhusu mwenyekiti, na mengine ni ya tangu arusi yetu.

Nimeyapokea kwa heshima. Nimejilaza kitandani, nimefumba macho, nimeyachunguza moja moja bila upendeleo.

Mwenyekiti hana kosa.